Sabra Keshaiona Kasoro, Dada, Funga Mizigo

Kaiona! Dada Zuhura, Sabra kaiona ile kasoro ya kompyuta za ofisi yao ya mizigo, bandarini Malindi, iliyowashinda mafundi wanaume waliotoka Dar na mabegi yao ya ngozi! Shikamoo, dada yangu. Nilitaka kutanguliza salamu, mkono ukakataa.

Najua utasema, "Kaanza huyo kumsifia mwanawe." Nimsifie wa jirani? Tena wewe ndiye wa kwanza kuyaona haya. Unakumbuka ile Sikukuu, hujahamia Maskati bado, cherehani yako ikakwama na magauni yetu hayajapindwa? Ukatoka kuoga ukamkuta Sabra, meno ya mbele hana, kaifungua yote juu ya mkeka. Ukamtia kofi la mgongo. Naye huku analia, huku anakunyooshea kipande cha uzi alichokitoa ndani. Ulipomvisha gauni ukasema, "Kitoto hiki hakina adabu, lakini kina macho." Tangu siku ile ukamfanya wako, mimi nikabaki mzazi tu.

Basi macho hayo hayo yamenitesa mwaka huu wote. Kompyuta zile zenyewe hazina mafaili. Zote zinasoma na kuandika, kwa waya, kwenye mashine moja ya chumba cha nyuma wanayoiita seva. Na zikawa zinaganda. Picha ipo kwenye kioo, lakini bonyeza utakavyo, kimya, mpaka uchomoe umeme na kazi ya asubuhi yote ipotee. Fundi mmoja kasema joto, mwengine kasema virusi, mwengine kaja na chetezo akafukiza ubani chumba kizima, Sabra akatoka anakohoa. Mkuu wa ofisi akasema kasoro isipoonekana, kazi ile atapewa mtu mwengine. Na mwanangu, kwa ukaidi aliourithi kwako, akaapa haolewi mpaka aione.

Dada, nimeaibika! Harusi tumeisogeza mara mbili. Bi Rukia, mama wa bwana harusi, kanisimamisha sokoni mbele za watu: "Mwenzangu, huyo mwari anaolewa na mwanangu au na kompyuta?"

Nikamjibu, "Kompyuta haijaleta posa, Bi Rukia. Ikileta ntakwambia."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia. Na nikimuuliza Sabra, jibu ni lile lile: "Bado nnatafuta, mama." Unatafuta nini, mwanangu, kwenye kitu kisichosema?

Kumbe kinasema. Vipo vitufe ukivibonyeza kwa pamoja, mashine hata ikiwa imeganda inaonyesha kila kazi imekwama wapi. Sabra akavibonyeza, akaona zote zimekwama pahala pamoja, zinaingojea seva. Tena kila mara ni adhuhuri. Siku moja akakaa akaangalia. Adhana ikaadhiniwa, karani wao, Mzee Khamis, akainuka, akazima feni, akazima taa, akazima na kile kisanduku kinachounganisha waya zote, akenda zake msikitini. Yeye haendi kusali akaacha kitu kinawaka nyuma yake, ndivyo alivyolelewa. Akirudi anawasha kila kitu kama kilivyokuwa, na hapana anayejua.

"Basi kosa lake!" nikasema, na buibui nshalivaa nikamwambie.

"Hebu kaa, mama. Kisanduku kikishawaka, kompyuta zilitakiwa ziendelee. Mbona haziendelei?"

Akanieleza kijikoni nipate kufahamu. "Masinia yote yamejaa mchele unaongoja sufuria. Sufuria imejaa wali unaongoja sinia. Nani aanze?" Ndivyo ilivyokuwa ndani kabisa, kwenye kile kiini kinachoendesha mashine nzima: hakiwezi kupeleka faili mpaka kipate nafasi kwenye kumbukumbu, na nafasi hakiipati mpaka kipeleke faili. Mimi niliyeishia darasa la saba nimefahamu, wewe utashindwa? Akaitengeneza, akakiwekea sinia moja pembeni, lisiguswe ila kwa kupakulia. Kisha akakizima kisanduku makusudi mbele ya mkuu wake, akakiwasha. Kompyuta zikazindukana, zikaendelea na kazi. Mzee Khamis ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Nilicheka, dada, kisha nikakasirika, maana nimetuona mimi na wewe. Wewe kila simu, "Nitajie siku nikaombe ruhusa kazini." Mimi kila simu, "Nambie ruhusa utaipata lini, nitaje siku." Mwaka umekwisha hivyo! Na Sabra hataki mwengine amvishe siku yake: "Mamkubwa, au navaa mwenyewe." Chumba chako cha juu nakifagia, natandika, nafunga dirisha, na kila nikilifunga roho inanipanda. Nimekuchoka, na nimekukumbuka, yote mawili pamoja.

Sasa sikungojei useme. Baba yake Sabra keshazungumza na shehe, Bi Rukia nshampelekea habari, na jamaa wa Kizimbani wanajua. Onyesha barua hii hapo kazini kwako, uwasomee kwa sauti wakitaka. Ukinyimwa ruhusa, mwanao utamkuta kaolewa, na mimi utanikuta nimenuna.

Mungu akulete salama. Ndoa ni Ijumaa ya pili ya Mfungo Mosi, Ramadhani ikishakwisha, baada ya sala ya alasiri, na wanawake wote tunawategemea kuanzia Alkhamisi asubuhi.

Mdogo wako,
mama yake Sabra