Namba Kumi na Mbili Si Mimi

Jumapili. Tangu asubuhi mvua inanyesha kidogo na kuacha, na nguo nilizoanika dirishani hapa mtaa wa Sanyuanli, Guangzhou, China, hazijakauka. Goti linaniuma. Nina furaha na nina huzuni, na sijui ipi ilitangulia.

Mama anaondoka kesho.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni Mtanzania ninayecheza hoki ya barafu kwa mshahara. Cheka umalize, tuendelee. Mama alipokwenda Finland kusomea uuguzi alinichukua nikiwa mdogo, na kule mtoto akishajua kutembea huvishwa viatu vyenye chuma na kusukumwa kwenye barafu. Baadaye yeye alirudi Moshi akafungua duka la nguo, mimi nikabaki na fimbo yangu. Nimecheza Slovakia, Romania, Ufaransa, Kazakhstan, timu ndogo ndogo zinazotaka mtu wa kuziba pengo, msimu ukiisha zinakuaga kwa adabu. Nyota sijawahi kuwa. Kuziba pengo ndiyo kazi yangu, na naijua.

Nilipokubali timu ya hapa Guangzhou, yenye uwanja ndani ya jengo la maduka, wenzangu walinishangaa. Sikuwaambia sababu. Mama huja huku kununua mzigo, na tangu nianze kulipwa kwa kucheza hajawahi kuniona uwanjani. Mtu mzima mimi, na mvi zangu, bado nataka mama yangu anione.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho ya mkataba wangu. Jana hiyohiyo kontena lilikuwa linapakiwa. Wafanyabiashara wa huku wanajua: siku ya kupakia huachi mzigo wako. Ukigeuka tu, robota lako linabaki kusubiri kontena lingine, na magauni ya Krismasi yanafika Moshi Krismasi imeshapita. Asubuhi nilimkuta Mama amekalia marobota yake mlangoni kwa wakala wa usafirishaji kama kuku anayeatamia. Hakutaka hata kunisikiliza. Aliyeniokoa ni Mama Salha wa Unguja, aliyekuwa amekalia ya kwake pembeni.

"Nenda shoga yangu," alimwambia. "Mzigo wako nitautizama mimi. Mtoto hana kontena la pili."

Akaja. Nilimwona juu kwenye viti, kajifunga kitenge juu ya koti, baridi imemkunja. Jamani, nilicheza! Miaka sijacheza vile. Lakini kila nilipoisikia sauti yake, "Baba! Kimbia, baba!", niliona macho yake yako upande mwingine wa uwanja.

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipokuwa mtoto Mama mwenyewe alinishonea namba kumi na mbili mgongoni mwa jezi. Sisi wa kuhamahama hatuchagui namba, tunapewa iliyobaki. Hapa nilipewa sitini na moja, na sikukumbuka kumwambia. Ukishavaa kofia ngumu yenye wavu usoni, na glavu, hata weusi wangu hauonekani. Kumi na mbili wa timu yetu ni kijana Mchina wa Harbin. Mama alikuwa anamshangilia yeye.

Na kijana akafunga goli.

Jioni tulikula mtaa wa Xiaobei, kwenye mgahawa wanapokutana Watanzania. Mama alisimulia goli meza nzima, Mama Salha akapiga kigelegele, Mkenya mmoja akanipa mkono: "Mazee, kumbe wewe ni moto!" Mama akatoa simu, alikuwa amerekodi. Kumi na mbili kajaa kwenye kioo. Nilicheka, nikapokea pongezi zisizo zangu.

Nilitaka kunyamaza. Furaha yake ilikuwa kamili, ya nini kuimega? Lakini nimekuwa mgeni kwenye nchi nyingi mno. Kwa mama yangu nilishindwa kuwa mgeni.

"Mama, kumi na mbili si mimi."

Nikachukua simu, nikairudisha video nyuma kidogo, kabla ya goli. Pembeni kabisa inatokea ncha ya fimbo, inausukuma ule mpira bapa mweusi hadi kwa kijana. Mtu haonekani, ni fimbo tu.

"Mwenye fimbo hiyo ndiye mimi. Mimi ndiye niliyempa."

Nilidhani atacheka, au ataona aibu mbele za watu. Alivaa miwani yake.

"Rudisha," alisema. "Nikuone."

Nikarudisha. Akasogeza simu karibu na uso. "Tena." Nikarudisha tena, na tena, wali wake ukapoa mbele yake. Machozi yalinitoka na sikuyaficha.

Kocha hajasema lolote kuhusu mkataba, na nimezunguka vya kutosha kujua maana ya kocha kukaa kimya. Mama atarudi huku kununua mzigo wa Pasaka. Mimi Pasaka sijui nitakuwa nchi gani, wala kama kutakuwa na timu inayonitaka. Bado hajapanda ndege na nimeshaanza kumkumbuka.

Leo mchana nilikwenda hotelini kumsaidia kufunga masanduku. Alikuwa amepiga magoti juu ya moja ili zipu ifike mwisho, akasema bila kuniangalia:

"Wakikuhamisha tena, mwanangu, kitu cha kwanza uniambie namba."

Nitakwambia, Mama. Mungu anijalie tu niwe nayo.