Mafuta Meusi ya Breki

Embu, 12 Mei 1955

Dada Mwanarusi,

Huku tu wazima. Ali wa buchani bado anauza mifupa akiiita nyama.

Bwana Pringle, yule ninayemtengenezea gari, amenunua kofia ya ngozi na sasa anajiona dereva wa mashindano. Mafuta yake ya breki ni meusi na yameingia maji. Nimemwambia tuyabadilishe, maana yatachemka kwenye mteremko wa Nithi na breki zitakataa.

Akacheka. "Saad, wewe jua spana tu."

Kesho anashindana. Akifika salama, atajisifu. Akianguka, watasema breki ziliharibiwa na fundi wa Mau Mau.

Najua barua zangu huwa unazichoma ukishasoma. Hii usiichome.

Ndugu yako,
Saad