Ovaroli za Kiwandani

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu linalogoma kila nikipanda ngazi. Natumaini kikohozi cha kitinda mimba wenu kimepoa.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema unaacha kazi uhamie huku, kwa kuwa umesikia kiwanda chetu kina wafanyakazi mia mbili na bado kinaajiri. Tulia nikueleze.

Halmashauri ilikubaliana hivi na mwenye kiwanda: asilipe kodi kwa miaka kumi, naye aajiri watu mia mbili wa hapa. Kodi hiyo ndiyo ingeajiri wakunga wa zahanati. Leo amebaki mmoja. Kazi yangu ya ukaguzi ni kuthibitisha idadi kila mwaka. Kwa vile watu huingia kwa zamu, utaratibu wetu ni kuhesabu ovaroli katika chumba cha kubadilishia nguo, kila moja na namba ya mwenyewe. Msimamizi wa kiwanda alinitania kwamba watu si kuku, hawezi kuwafungia bandani mzee apite akihesabu. Nikacheka, nikahesabu mia mbili, nikatia sahihi.

Mwaka wa pili niligusa moja. Ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Ya jirani yake vivyo hivyo, na ya kumi. Zenye jasho na mafuta zilikuwa thelathini na nane tu.

Nilitia sahihi tena, ndugu yangu. Na mwaka wa tatu pia. Katika zile thelathini na nane, moja ni ya mwanangu, na msimamizi alikuwa ameniuliza kwa upole sana kama kijana anaipenda kazi yake.

Tangu hapo mke wangu akianika nguo, mimi hupitia mlango wa nyuma. Mikono mitupu ikipepea kambani, najiuliza namba mia na kumi na mbili angekuwa nani. Huenda angekuwa wewe.

Usije. Barua ya kuacha kazi, kama hujaipeleka, ichane. Ijumaa napeleka kwa halmashauri idadi ya kweli. Jana nilimwambia mwanangu. Aliniuliza kiwanda kikifungwa mtoto wake atakula nini. Leo asubuhi yeye na mkewe wamehama nyumbani kwangu.

Mwambie shemeji afungue mizigo. Nisalimie watoto, na wakisikia jina langu likisemwa vibaya, usinitetee.

Ni mimi kaka yako,
Mkaguzi