Dari la Babu Lisiguswe

Tunduma, Jumatatu

Mpwa wangu Lusungu,

Mimi ni msomi wa kidato cha nne, na hapa mpakani malori hayavuki mpaka nimalize chai. Halafu wewe unamtuma fundi Ezron abomoe dari la plasta la babu yako bila kuniuliza! Eti limepasuka, litaangukia watu. Nimemfukuza na ngazi yake.

Akageuka getini akasema, "Basi mzee, tulifunike kwa vibao vya plastiki vya Nakonde, hapo ng'ambo Zambia."

Hapo sawa. Afunike tu, asitoboe! Ezron akiokota karatasi huisoma mbele ya kijiwe kizima, na humo darini nilificha ripoti yangu ya darasa la nne. Nilikuwa wa arobaini na saba kati ya arobaini na saba, nikaishia hapo.

Mjomba wako,
Rabson