Sijambo ya Mpika Halwa

Jumanne, 1 Mfungo Nane 1323
Halwa ya leo imetoka vizuri. Samli imejitenga kwa wakati wake, iliki haikuzidi. Nimeridhika. Ila kifua kimebana tena nikiwa nakoroga, upande wa kushoto. Nikasimamisha mwiko nikajifanya naonja. Nimeonja mpaka ulimi ukaungua.

Binti yangu Zuwena anaolewa Alhamisi ya tarehe 17. Nimewaahidi wakwe zake mbele ya watu: halwa ya harusi nitaipika kwa mkono wangu. Shee, ndugu wa mke wangu, yuko nami hapa dukani, lakini yake hutoka na madonge.

Alhamisi, 3 Mfungo Nane
Nimepanda kutoka forodhani na kifurushi cha sukari. Pumzi ikakatika. Nikakaa kwenye baraza ya watu nisiowajua vizuri, nikawapigia soga mpaka kifua kikaachia. Wameniona mtu mchangamfu.

Nyumbani Rukiya, mke wangu, kaniuliza, hujambo? Sijambo. Ndivyo tulivyolelewa. Hata kama ndani mna maiti, kwanza sijambo. Na neno lenyewe la ugonjwa silipendi. Siwezi. Mpika halwa akisema hawezi, wateja watafahamu hawezi nini? Naogopa, basi. Naogopa kufa, na kabla ya kufa naogopa mwiko kushikwa na Shee.

Ijumaa, 4 Mfungo Nane
Rukiya hakudanganyika. Amemwita Mzee Kombo, anayeumika watu kwa chuku, ile pembe ya ng'ombe ya kufyonzea damu. Shee amecheka sana: eti kati yangu na Kombo, mpiga chuku hasa ni mimi. Leo sikumpa hata ukoko wa karai.

Jumapili, 6 Mfungo Nane
Kumbe wembe si kitu. Kinachouma ni pembe. Kombo kaiweka mgongoni, nyuma ya moyo, kafyonza hewa, kaziba tundu kwa nta. Ngozi ikavutwa nikahisi inang'oka na mbavu. Kisha chanjo. Kisha pembe tena palepale. Kila akiiweka ananiuliza, hujambo, bwana? Nami, sijambo. Basi anazidi kufyonza. Inauma vibaya. Ya mwisho nikaona giza.

Nimezinduka Rukiya ananipepea, Kombo kafura.

"Mimi nakuuliza kweli, si salamu! Ungalinambia, ningaliiondoa."

"Nimezoea," nikamjibu.

Rukiya akaangua kicheko, kisha akalia.

Jumatatu, 7 Mfungo Nane
Mgongo moto. Siegemei ukuta. Silali chali. Kanzu ikinigusa nataka kumpiga mtu. Lakini kifua chepesi, na maumivu haya nayajua yalikotoka, kwa hiyo nayavumilia. Nimelala kifudifudi tangu asubuhi. Rukiya ananipaka mafuta ya habasoda, Zuwena ananiletea uji wa pilipili manga. Kudekezwa si kubaya.

Ijumaa, 11 Mfungo Nane
Nimejaribu karai dogo. Mwanzo raha tupu. Wanga ulipoanza kuwa mzito, kibano kikarudi, kikashuka mpaka mkononi. Nikamfuata Kombo kwake. Kasema mwezi mzima nisishike mwiko. Sikumwambia mtu. Jumatano ndiyo siku ya kupika halwa ya harusi.

Jumatano, 16 Mfungo Nane
Karai kubwa. Kuni nimezichagua mwenyewe. Sukari ikayeyuka, nikatia wanga, ukaanza kuvuta. Kifua kikabana. Shee akauliza, hujambo, shemeji? Sijambo. Mkono ukalegea. Harufu ya kushika chini ikanifikia mimi kabla ya wote. Halwa ya Zuwena, na wageni ni kesho.

"Shee," nikasema, "siwezi."

Nilidhani atacheka. Kaudaka mwiko, akakoroga kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Mimi nikakaa juu ya kibao, nikimwambia lini samli, lini zafarani, na akwangue mpaka chini. Kifua kikaachia taratibu. Nikaona vyema kukaa pale. Sikujua kwamba ukikaa ndipo harufu ya iliki inakufikia yote.

Nimeionja ilipopoa. Haina donge. Nimelitafuta.

Jumamosi, 26 Mfungo Nane
Fungate imekwisha, Zuwena amehamia kwa mumewe, mtaa wa Kuze. Wakwe waliisifu halwa. Nimewaambia ni mkono wa Shee. Naye anatangaza mji mzima, na kila akisimulia karai linazidi kuwa kubwa. Sasa mpiga chuku ni yeye. Asubuhi nakoroga kidogo ikiwa bado maji, ikianza kuvuta nampa. Majeraha ya mgongoni yamekauka, yanawasha tu.

Jioni Rukiya kaniuliza, hujambo? Nikamwambia, siwezi. Akashtuka, akaniwekea mkono kifuani. Wapi? Nikamwonyesha mlango wa chumba cha Zuwena.

Akakaa karibu nami. Tumekula halwa iliyobaki.