Majina Matatu na Namba

14 Januari

Kaka yangu Boset,

Amani kwako. Sisi tunayo kiasi tulichobakishiwa. Ngamia wana maziwa, watoto wazima. Wewe je? Baridi ya Geneva imekuachia magoti?

Habari unazo. Mume wangu Hawas, Aba Gadaa wetu, mkuu wa rika linaloongoza, angekabidhi uongozi mwakani, miaka yake minane ikitimia. Wenye sare walimkuta na wazee sita kwenye maombi, wakawapeleka mtoni, wakawapiga risasi. Nimeona kwa macho yangu. Nilisimama njiani na fimbo yangu ya ndoa, ile ambayo zamani mke wa mtu akiiinua, wanaume hushusha mikuki. Kijana mmoja wao akacheka, akaniuliza kwa lugha yetu hii hii: "Mama, mbuzi wako wamepotelea wapi?"

Uliniambia huko kuna watu wanaosikiliza. Wape haya yote. Jina langu tu, kaka, usiwape.

Dada yako,
Loko

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Amani kwako, kwa watoto na kwa mifugo. Mimi mzima, magoti yananung'unika tu.

Nimesema! Mwenyekiti wa tume inayochunguza mauaji, mama mwenye mvi, aliweka kalamu chini akauliza habari hizi nimezipata kwa nani. Ungenionea fahari. Nilisimama kama barazani kwetu, ambako mleta habari husema amezitoa kwa nani, binti wa nani, mjukuu wa nani, la sivyo huambiwa akae chini. Waliandika kila neno. Wanasema kesi itafunguliwa.

Kaka yako,
Boset

22 Aprili

Kaka,

Amani. Sisemi niko wapi.

Wenye sare walikuja watatu na karatasi. Mkubwa wao akasoma: "Loko binti Roba, mjukuu wa Fantale." Aliyatamka vizuri kabisa, kama mtu aliyekuja kuposa. "Ndiye wewe?" Nikamwambia, "Mnanijua kuliko mama yangu." Nyumba wameichoma, ngamia wamewaswaga. Nimetoka na watoto na nguo za mwilini.

Waliniuliza pia aliyeyasema haya ni nani, maana karatasi iliandika Shahidi wa Nne. Nikasema simjui.

Mimi nina majina matatu, wewe una namba. Kwa nini?

Loko

9 Mei

Dada yangu,

Sina uso wa kukuuliza afya.

Kabla sijaingia, karani aliniuliza kama nataka jina langu lifichwe. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza swali. Miaka ishirini na minane niko hapa, nina pasipoti yao, hakuna wa kunichomea chochote, bado niliogopa. Ombi lako nilikuwa nalo mfukoni, kwa mwandiko wako. Lakini nilipoulizwa swali la barazani nilitaka kuonekana mzee wa baraza, mimi niliyekimbia kabla rika langu halijashika uongozi. Wala sikufikiri kwamba kumbukumbu za kikao husomwa na yeyote anayetaka.

Nimeomba jina lako lifutwe. Wamesema linafutika, ila ushahidi wako utafutika nalo, na bila huo hakuna kesi. Mashahidi wengine wote walisikia tu. Amua wewe. Nitafanya utakalosema.

Boset, nisiyestahili kujiita kaka yako

17 Agosti

Kaka,

Amani kwako. Watoto wazima, ila mdogo anakohoa kwa vumbi la huku.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kukutukana vizuri, na kila siku nilipata tusi bora kuliko la jana. Wajane wenzangu wanacheka: "Kaka yako anajua ukoo wenu wote, kajisahau mwenyewe tu."

Jina langu liache. Wa kulitumia kwa ubaya wameshalitumia; sasa limfae Hawas.

Yule karani bado yupo? Nenda kwake. Mwambie wewe ni Boset, mwana wa Roba, mjukuu wa Fantale, ndugu wa huyo mwanamke, na akuandike pale penye namba. Ukishaandikwa, niambie. Kabla ya hapo usiniletee hata salamu.

Dada yako,
Loko