Kivuko Ulichokifuta

Kijijini, kwa seremala
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Kifua kimepona? Uliondoka hapa ukikohoa, na Mama bado anauliza kama unakunywa maji ya moto. Yeye magoti yanamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa. Sisi wengine, kwa upande wa mwili, hatujambo.

Kitabu chako kimefika. Mwalimu alikuwa akitusomea jioni kwenye karakana ya shemeji yako, watu wamekaa juu ya mbao. Pale ulipoeleza jinsi Mama anavyogombana na jogoo, tulicheka mpaka machozi. Kijiji kilijivunia wewe: mwandishi wetu alikuja kwetu amekaukiwa maneno, akaondoka amejaa tele!

Kisha Mwalimu akafika kwenye kisa cha bibi harusi aliyetorokea mtoni alfajiri, akakuta kivuko kimeshaondoka, akarudi kuolewa analia. Jina umebadilisha. Lakini kovu langu la kidevuni umeliacha, na bwana harusi umemwacha seremala. Watu walinigeukia mmoja mmoja. Shemeji yako hakuinua kichwa. Alipiga randa ubao ule ule mpaka ukawa mwembamba kama karatasi.

Nilikwambia wewe peke yako, jikoni, tukichambua maharage. Na nilikwambia kwamba kivuko kilikuja. Mwenye kivuko aliniita, "Binti, panda twende!" Nikamkumbuka yule kijana aliyekuwa akitutengenezea kitanda huku akiimba vibaya, nikageuka kwa miguu yangu mwenyewe. Mbona hilo umelifuta?

Nimemweleza mume wangu. Akasema, "Ndugu yako wa damu akusingizie ili apate nini?" Sasa analala karakana. Nikimpelekea chakula anasema ahsante, kama mgeni.

Mwalimu anadai hadithi hunoga zaidi ikiwa na majonzi. Iwanogee hao wasomaji. Mimi ndiye ninayelala nimegeukia ukuta. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Nimeusema msemo huo tangu utotoni bila kuujua.

Samahani yako siitaki kwa sasa. Mwandikie shemeji yako kwa mkono wako, mwambie kivuko kilikuja na dada yako hakupanda. Ukishindwa, siku ukirudi chai utapewa, lakini maneno yangu hutayapata tena.

Msalimie mkeo, uwabusu watoto. Mama anakuombea baraka kila asubuhi, nami sijamkataza.

Ni mimi dada yako, niliyekuamini.